Kisu Kisichokata Kitu

Ninaishi peke yangu Galbet, mtaa wa Garissa, chumba cha pili kutoka langoni, na nina visu viwili. Kimoja nakatia kabeji. Cha pili kinaning'inia msumarini kando ya dirisha, na kwa muda mrefu hakikuwahi kukata chochote. Wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi nilikuwa na viwili vikali na chakula changu kilikuwa kabeji.

Hicho cha kabeji ni cha marehemu baba, aliyekuwa na bucha kwetu Ukambani. Ndicho nilichoshika Idd yangu ya kwanza hapa, nimesimama mlangoni namenya viazi. Uani walikuwa wanamchuna mbuzi wa eddo, mama wa chumba kinachonitazama. Eddo ni shangazi kwa Kisomali, na ploti nzima inamwita hivyo. Mpini wa kisu chao ukachomoka. Mwanawe mkubwa akainuka kutafuta kingine. Nilikiinua changu kidogo ili akione. Akanisalimu kwa heshima, akanipita, akaenda hadi chumba cha mwisho na kurudi na kijisu cha kukatia nyanya. Walihangaika nacho hadi adhuhuri. Jioni waliniletea sahani ya wali na nyama, na niliila kwa hasira.

Nilidhani nimeelewa. Kisu cha mtu wa bara hakijulikani kimepita kwenye nyama gani, halali au haramu. Ukimuuliza shehe atakwambia kisu huoshwa, lakini jirani haendi kumuuliza shehe, anapita tu mlango wako. Basi nikaamua kununua kisu kingine, nikiweke bila kugusa kitu chochote, ili siku watakapopungukiwa niwe nacho. Nilitaka waniombe kisu. Mtu mzima, fundi wa pampu za visima, shida yangu kubwa duniani ilikuwa kuombwa kisu.

Pesa za kuchezea sikuwa nazo, kwa hiyo nilikwenda sokoni kwa utaratibu, kama aendaye kuposa. Visu vya bei nafuu ni vingi Garissa. Vile vinavyong'aa huletwa hadi mezani unapokunywa chai, kila kimoja kwenye karatasi yake ngumu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilichukua kimoja nikatazama mpini. Chuma kikiishia katikati ya mpini, hicho ni kisu cha kupigia picha. Siku ya mfupa kitakuachia mpini mkononi kama kilivyowafanya kina eddo. Chuma kinatakiwa kiende hadi mwisho, na ribiti zinazoushika mpini zisicheze ukizisukuma kwa kidole gumba. Kisha nilifumba jicho moja nikayafuata makali kutoka nchani. Yalikuwa yamepinda, na makali yaliyopinda hayanyooshwi kwa kunoa. Mwisho nikatoa tupa yangu ya kazi. Tupa ikiteleza juu ya chuma, chuma ni kigumu. Ikiuma, umeuziwa bati. Iliuma. Muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kuharibu.

Nilichonunua nilikipata nyuma ya soko la mifugo, kwa fundi anayefua visu kutoka springi za malori. Sura hakikuwa nayo. Kilikuwa cheusi, mgongo mnene, alama za nyundo zikionekana, na ribiti tatu kwenye mpini wa mti mgumu. Tupa iliteleza. Bei yake ilikuwa chini ya vile vya kung'aa, kwa sababu watu hawapendi kisu kinachoshika kutu. Nilimwambia fundi nitakuwa nakipaka mafuta. Akaniona mtu asiyejua kitu.

"Kisu haitaki mafuta," alisema. "Inataka kazi."

Nilikitundika mahali panapoonekana kutoka uani. Nikienda Tarbaj kutengeneza pampu, nikirudi nakuta wekundu umeanza kwenye makali, nakifuta kwa mafuta ya simsim. Mafuta ya mnyama niliyaogopa, nisije nikakiharibia sifa yake. Nilipokaa Diff muda mrefu kwa kazi hiyo hiyo, nilikiwaza zaidi ya nilivyowawaza watu wa kwetu. Idd ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Kina eddo walikuwa wamenunua kile cha kung'aa. Nilikaa kitandani nikiwasikia wakikilaani, na changu kimetulia msumarini. Ningeweza kutoka nacho. Lakini ukijipeleka, hujaombwa. Nilijisikia mpweke siku hizo kuliko nilivyokuwa jangwani. Nikipiga simu nyumbani nilisema majirani ni watu wazuri, na ilikuwa kweli.

Mwaka huu, alasiri moja, wanaume wa ploti walikuwa wamekwenda harusini mtaa mwingine na visu vikubwa vyote. Bodaboda ikamgonga mbuzi wa eddo langoni. Mgongo ulivunjika, lakini alikuwa bado anapumua. Akifa mwenyewe ni nyamafu, hakuna wa kumla. Lazima achinjwe angali hai, tena kwa kisu kikali, maana kumchinja mnyama kwa kisu butu ni dhuluma. Eddo aliingia kwangu bila kubisha. Alitazama kisu kilichokuwa juu ya kabeji, kisha akatazama ukutani.

"Hiyo imekata nini?"

"Haijakata kitu, eddo. Niliinunua isikate kitu."

Alinitazama kidogo, akakishusha. Alikificha kwenye mikunjo ya dera lake, kwa kuwa mnyama hapaswi kukiona. Tulimgeuza mbuzi kuelekea kibla, nikashika miguu. Eddo akasema bismillahi, na mkono wake ukapita mara moja. Nilitamani baba angeona.

Kabla ya magharibi alikirudisha kimeoshwa, pamoja na paja zima.

"Kisu iko fisuri," alisema, kwa ile v yake ya Kisomali inayotoka f. "Miaka yote iko hapa. Kwa nini hukusema?"

Nilimwambia nilikuwa nangoja niombwe. Nikamkumbusha Idd ile na mwanawe aliyenipita, kwa kuhofia nyama iliyopitiwa na kisu changu. Nilidhani atatazama chini. Alishangaa tu. Akasema siku ile hawakuwaza habari ya nyama. Mwanawe alirudi akisema yule wa chumba cha pili hapendi kusumbuliwa.

"Wewe hujaomba sisi kitu," alisema. "Hata chumfi. Hata kiberiti. Mtu haombi, sisi tutaomba yeye namna gani?"

Akaenda zake. Nilikaa na lile paja mapajani hadi giza likaingia, nikiutazama mlango wake ambao sikuwahi kuubisha.

Asubuhi nilivuka ua nikabisha, nikaomba chumvi. Kwangu nilikuwa nayo pakiti nzima.