Kikaango Kilichosuguliwa

Kanuni ya kumi na nne ya usafi wa majiko, toleo lililorekebishwa, inatamka kwamba chombo chochote cha kupikia chenye weusi usiotoka kwa maji ya moto na sabuni ni chombo kichafu, na chakula kilichopikiwa humo hakifai kuliwa na binadamu. Haisemi kinamfaa nani mwingine. Bwana Afya aliitekeleza kanuni hiyo kwa miaka ishirini na tisa, mlango kwa mlango, akiwa na kalamu mbili mfukoni. Ya pili ilikuwa ya kuwaazima wale waliodai hawana ya kusainia. Wenye vibanda walimwita Sabuni. Yeye alilipokea jina hilo kama cheo.

Alijua umbali unaotakiwa kati ya sinki na pipa la taka, na hakuwa amewahi kupika hata yai. Hakuona ajabu yoyote. Refa naye hafungi magoli.

Mwaka wa pili wa kustaafu kwake, mkewe aliugua homa ya mapafu. Alilazwa siku tisa, akarudishwa nyumbani na mfuko wa dawa na sharti moja: asizimeze tumbo likiwa tupu. Hapo ndipo kazi ilipokuwa, maana mama wa watu chakula hakimpiti. Binti yao alijaribu kila alichokijua kwa siku nne, kisha likizo ikamwishia, akarudi kazini kwake mji mwingine. Kesho yake mgonjwa alikunywa nusu kikombe cha chai, na dawa zikabaki mfukoni. Keshokutwa asubuhi aligeuzia uso mlangoni.

"Baba, ningepata chapati ya maji. Moja tu. Hiyo naona ingepita."

"Moja? Nakuletea tano," alisema mumewe, akaenda jikoni akiwa amekunja mikono ya shati. Kutoka huko alimpigia binti simu.

"Unga vikombe viwili, baba, yai, chumvi kidogo, halafu maji mpaka uwe kama uji mwepesi."

"Mwepesi kiasi gani?"

"Unaangalia tu kwa jicho."

"Jicho si kipimo, mwanangu."

"Haya. Mama amepima kwa jicho miaka yote hiyo, na wewe umekula mpaka vifungo vya shati vimehama."

Mtu mwingine mwenye mgonjwa mwenye njaa angeanza kwa kuwasha moto. Yeye alianza na ukaguzi. Nyuma ya mlango wa jiko kilining'inia kikaango cha chuma, kizito, cheusi ndani na nje, weusi wa kung'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Alipitisha kidole. Alimwaga maji ya moto, akatia sabuni, akasugua; weusi haukutoka. Kumbe kitu hiki kilikuwa ndani ya nyumba yake, nyuma ya mgongo wake, miaka yote aliyokuwa akiwaandikia wenzake barua za onyo! Aliona aibu. Hiyo ilikuwa aibu ya kwanza ya siku ile, na ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote.

Akatafuta waya wa kusugulia masufuria. Alisugua karibu saa nzima, jasho likimtoka, mpaka chuma kikawa cheupe na kidole kikipita kinalia. Mara mbili mkewe aliuliza kutoka chumbani, "Bado?" na mara mbili alijibiwa, "Usafi kwanza."

Chapati ya kwanza ilishika. Haikushika kimzaha; ilishika kama mpangaji mwenye kesi mahakamani. Aliikwangua kwa kijiko ikatoka vipandevipande. Akaongeza mafuta, ya pili ikaungua chini na kubaki mbichi juu. Ya tatu aliigeuza kwa ushujaa, nusu ikageuka, nusu ikakataa. Ya nne na ya tano hazikuwa na tabia tofauti. Alikusanya vilivyokusanyika kwenye sahani, akafunika na sahani nyingine, kwa sababu chakula kisichofunikwa ni kosa.

"Zimekatika kidogo," alisema akimwekea mkewe mto mgongoni.

"Si tumboni zingekatika vilevile?"

Akatia kipande mdomoni. Mumewe aliliangalia taya lile likienda na kurudi, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mgonjwa alitafuna, akatafuna, kisha taratibu akainua kitambaa, akakitoa kile kipande na kukifunika ndani yake.

"Nzuri," alisema. Katika miaka thelathini na nne ya ndoa hakuwahi kumdanganya vibaya namna ile. Kisha akauliza, "Umetumia kikaango gani?"

"Kile cheusi. Lakini usijali, nimekisafisha."

"Kwa nini?"

"Kwa waya."

"Mama alinipa siku naolewa," alisema mkewe, "kikiwa hivyohivyo. Ule weusi ndio unaofanya zisishike." Akageukia ukutani. "Basi, yaishe, baba. Hata hivyo sina njaa sana."

Angegomba, mumewe angepata pa kusimama.

Alitoka nyumbani na kikaango kimefungwa ndani ya gazeti, akaelekea kona ya barabara alikopikia Mama Chapati. Huyu alikuwa na vikaango vitatu, na miaka kumi na moja nyuma Sabuni alimsimamia avisugue vyote mbele ya wateja, saa moja asubuhi, rojo la siku nzima likiwa tayari ndooni. Wiki ile wateja walilalamika kwamba chapati zinakatika. Sabuni aliandika ripoti ya pili, iliyohusu kushuka kwa ubora.

"Ee, Sabuni! Wamekurudisha kazini?" Fundi baiskeli wa pale konani ndiye aliyemwona kwanza.

"Nimekuja kununua."

"Mama Chapati, umesikia? Leo serikali ina njaa!"

Mama Chapati hakuinua kichwa. "Serikali ipange foleni."

Akapanga, wa tisa. Watu waliulizana kwa sauti ya kusikika kama ndani ya gazeti kuna samaki au kuna faili.

"Ngapi?" aliulizwa zamu yake ilipofika.

"Tatu. Za mgonjwa. Na hiki, mama, nilitaka kujua kama kinaponyeka."

Akafungua gazeti. Mama Chapati alifuta mikono, akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga. Foleni ilirefusha shingo.

"Cha nani?"

"Cha mke wangu. Kwa kweli cha mama yake."

"Na aliyekifanya hivi?"

"Mimi."

Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. "Vyangu vilichukua miezi minne kurudi," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Ongeza sauti, mafuta yanapiga kelele."

"Nisamehe!"

Barabara nzima ilisikia. Fundi baiskeli, aliyekuwa na neno tayari, alilimeza akatazama viatu vyake. Mama Chapati alichota upawa wa rojo, akaumimina kwenye kikaango chake cheusi kuliko vyote, na chapati ikateleza yenyewe kama imepakwa mafuta nyayoni.

"Hicho chako kipake mafuta, ukichome, kipake tena, ukichome tena. Ukichoka, anza upya. Na waya usiuguse."

Nyumbani hakumficha mkewe kitu. Alisema zilikotoka kabla hajafunua sahani. Mgonjwa alikula mbili, ya tatu akaifikisha nusu, akameza dawa.

"Hajabadilisha mkono," alisema akirudisha glasi. Miaka yote hiyo, alieleza, alikuwa akila kwa Mama Chapati kila Jumanne. Jumanne ndiyo siku mumewe alipokuwa akikagua upande wa pili wa mji.