Risasi za Dubu za Verlyn Tollefson

Verlyn Tollefson aliendesha lori la kukusanya maziwa kaskazini mwa Wisconsin tangu ujana hadi uzee, na hata ng'ombe walimjua kwa sauti. Lori lilikuwa na breki. Mdomo wake haukuwa nazo. Ukimsalimu asubuhi, alikujibu kwa habari za risasi: ipi inachanua mapema kama ua ikiingia nyamani, ipi inachelewa, na ni mjinga gani bado anatumia ipi. Mjinga mwenyewe kwa kawaida alikuwa Norb Wiesner, kaka wa mkewe, aliyewinda kulungu kwa risasi zilezile za ncha laini alizotumia baba yake, na kila Novemba akarudi na nyama.

Verlyn hakutaka mambo ya kizee. Mwaka mmoja alinunua risasi nyepesi za kasi, zenye ganda jembamba, zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo wa ukubwa wa mbweha. Akalipiga dume la kulungu begani. Risasi ikapasuka palepale juu ya mfupa, bega zima likawa uji wa damu na vipande vya chuma, na mnyama akabaki amesimama akimtazama. Ilibidi ampige tena. Arlys, mkewe, alitengeneza soseji kwa kilichobaki, na siku ya Krismasi mchungaji wao akauma kipande cha chuma, jino likavunjika.

"Verlyn," Arlys alisema baada ya mgeni kuondoka, "ukiniletea tena nyama ya kuliwa kwa koleo, utaila wewe na mbwa."

Mtu mwingine angerudi kwenye ncha laini. Verlyn akaruka hadi ukingo wa pili: risasi nzito, ngumu, za kumwangushia dubu mkubwa. Norb aliigeuzageuza moja kiganjani.

"Shemeji, hii mpaka igonge kitu kigumu ndiyo ifunguke. Kulungu mbavu zake vijiti. Itapita kwenda zake, wala haitajua imepita wapi."

"Wewe baki na za marehemu mzee wako."

"Za marehemu ndizo zinazokulisha."

Kambi waliyowindia yeye, Norb na majirani wachache ilikuwa kibanda cha mbao chenye jiko la kuni na harufu ya soksi. Sheria ya pale ilijulikana: anayemkosa kulungu hukatwa pindo la shati kwa nyuma, likapigiliwa misumari ukutani. Matambara ya Verlyn peke yake yangetosha kushona pazia. Aibu hiyo ni ya kuchekwa, nayo huisha na bia. Lakini kumjeruhi mnyama na kumwacha akajifie kichakani, hiyo haichekwi. Jirani yao Duane alifanya hivyo akaficha, ikajulikana. Hakuna aliyemfukuza. Novemba iliyofuata hakuna aliyempigia simu, basi.

Asubuhi ya kwanza ya msimu, dume lilimpitia Verlyn kwa karibu kiasi kwamba hata yeye asingekosa. Akafyatua. Dume likakunja mgongo, likashusha mkia na kuingia kinamasini. Kwenye theluji alikuta nywele chache na tone la damu dogo kama punje ya dengu. Mbele kidogo nyayo zikachanganyika na za kulungu wengine, na damu haikuonekana tena. Risasi ya dubu ilikuwa imepita kama sindano kwenye kitambaa. Verlyn alizunguka hadi miguu ikafa ganzi, kisha akarudi kula.

"Tumesikia mlio," Norb alisema, akikoroga sufuria ya maharage. "Yuko wapi?"

"Nimemkosa."

Kibanda kikalipuka kwa vicheko. Norb akachukua mkasi.

"Geuka, shemeji. Na hilo risasi lako, hata dubu angekufa kwa kucheka."

Verlyn akageuka. Chuma baridi kikamgusa kiunoni. Kukatwa mara moja tu na mambo yangeisha. Angekula, angetukanwa kidogo, na mwakani angeitwa. Akamfikiria Duane nyumbani kwake kila Novemba. Akalifikiria na lile dume, limelala kwenye maji ya barafu likihema. 

"Subiri," alisema. "Sikumkosa. Nimempiga, nikampoteza."

Vicheko vikakatika. Norb akaweka mkasi kando ya mkate, akaepua sufuria, akavaa buti.

"Tuonyeshe damu."

Walijipanga mstari, wakapekua kinamasi, maji hadi magotini. Verlyn alingoja matusi. Hayakuja, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Walilikuta dume chini ya mti ulioanguka, hai bado, likijaribu kuinua kichwa. Tundu la tumboni lingezibwa na kidole cha mwisho. Verlyn akainua bunduki yake. Norb akaishusha kwa mkono, akampa ya kwake.

"Usimpige tena na huo msumari."

Ncha laini ilimaliza kazi papo hapo. Verlyn akalia mbele ya watu wazima wenzake, hakujificha. Wakalipasua na kulitoa matumbo. Verlyn hakuthubutu kuuliza kama mwakani wangemwita.

Norb alinawa damu kwa theluji hadi viwikoni, akashika pembe moja, akamwonyesha Verlyn ya pili.

"Vuta. Na mwakani risasi zako nitanunua mimi. Wewe njoo na mdomo tu."