Mvulana Mwenye Ndevu

Kijijini kwetu, upande wa Kenyamonta, mwanaume ambaye hakutahiriwa hadharani, akiwa amesimama wima pamoja na rika lake, huitwa mvulana mpaka azikwe. Nililijua hilo tangu utotoni. Sikudhani lingenizuia kusoma.

Niliacha shule darasa la tano nikazurura Musoma, Mwanza, Kisumu, popote palipokuwa na mizigo ya kupakua na watu wa kuwauliza maswali. Kisumu niliugua ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa tohara, nikatahiriwa hospitalini. Niliporudi, watu walikuwa wamehamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilibanana, vyoo hakuna, watoto walikufa kwa kuharisha. Kwa kuwa nilijua kusoma, nikafanywa mhudumu wa afya wa kijiji, nikapewa mafunzo mafupi na sanduku la dawa. Kadiri nilivyotibu ndivyo nilivyozidi kuuliza. Kwa nini kaya mbili zichote maji mto mmoja, na moja tu izike?

Bwana afya wa wilaya, yule aliyenifundisha, akaleta habari kwamba kuna kozi ya afya ya jamii. Kijiji kingeweza kupeleka mtu mmoja, ila mkutano wa kijiji umpitishe kwanza. Jina langu likatajwa. Mzee mmoja, ambaye nilikuwa nimemkamua jipu siku chache nyuma, akasimama.

"Ndugu mwenyekiti, tangu lini wanaume wakawakilishwa na mvulana?"

"Nimetahiriwa, mzee," nikasema.

"Nani alikuona?"

"Daktari."

"Ulisimama?"

"Nililazwa, nikachomwa ganzi."

"Basi ulilala, wakakuibia ngozi."

Kicheko kikafika mpaka kwa wanawake waliokaa nyuma. Mzee akangoja kipungue.

"Msimu huu simama na wenzako. Ngariba akuchanje kidogo tu, tuone damu. Halafu nenda kasome, hata Ulaya."

Nilimtazama bwana afya. Kila alipokuja alituhubiria kwamba kisu kisipite kwa watu wawili bila kuchemshwa. Sasa alisema tu, "Hilo ni la wananchi."

Nikakataa kuchanjwa. Mkutano ukahamia kwenye shamba la kijiji, nani amelima na nani amekwepa.

Nilimkuta bwana afya akijiandaa kuwasha pikipiki yake.

"Ungekubali tu," akasema. "Mchanjo mdogo."

"Kwa kisu cha watu wote? Wewe ndiye uliyenifundisha habari za pepopunda."

"Nilikufundisha uwafundishe wao. Sikukutuma unifundishe mimi."

Akaondoka. Wangempa mtu mwingine nafasi ile, ningewaelewa. Ningesema wamependelea ndugu yao. Hawakumpa mtu. Waliitupa, kama mtu anavyomwaga maji ya kunawia, na hakuna aliyeiulizia tena.

Msimu wa tohara ukafika. Ngariba akapita na kisu kile kile kutoka mvulana wa kwanza hadi wa mwisho, na siku zilizofuata vidonda vikatunga usaha. Wakaletwa kwangu. Niliwaosha kwa maji ya chumvi niliyochemsha mwenyewe, nikiwa na hasira, mikono nikiilazimisha iwe mipole kwa sababu watoto wale hawakunikosea.

Yule mzee alimleta mjukuu wake, akasimama juu yangu nikiwa nimechuchumaa.

"Funga vizuri, mvulana," akaniambia. "Unamshika mwanaume."

Nikafunga.