Askari Niliyemtoa Bure

Mwaka wa pili baada ya Uhuru nilihamishiwa hospitali ya Lamu, muuguzi mgeni kutoka bara. Katika wodi ya wanaume nilimkuta mwashi mmoja wa Pate aliyeanguka kutoka darini. Mguu wake ulikuwa ndani ya plasta hadi pajani. Kando yake aliweka ubao wa sataranji na kete alizozichonga mwenyewe.

Zamu ilipokwisha saa nane mchana, niliketi tukacheza. Nilijua mwanzo mmoja tu, niliofunzwa na mwenzangu chuoni: msogeze askari aliye mbele ya malkia hatua mbili, mwenzako akijibu hivyo hivyo, toa askari wa pili ubavuni mwa yule, umwache aliwe.

"Mbona wanipa askari bure, Bi?"

"Mle tu, Bwana."

Alimla, kisha akang'ang'ana kumlinda askari wake aliyekula kwa wenzake wa pembeni. Nikawabomoa hao, na malkia wangu akaikabili ngome yake iliyobaki wazi. Nikashinda, nikaenda zangu nikichekelea.

Kesho yake hakumla askari wangu. Alimwegemeza askari wake wa kati kwa mwingine, akatulia. Nikakwama, maana nilikariri mtego tu. Alinifunga siku hiyo na wiki nzima iliyofuata, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakitazama.

"Ndia yako ni moya, Bi," aliniambia. "Ikizibwa, huna nyingine."

Njia moja! Maneno yale yaliniuma. Niliapa sitaki mwanzo mwingine. Nitauelewa huu huu. Nilichora ubao juu ya kadibodi ya sanduku la dawa, vifuniko vya chupa vikawa kete, na kila mchana nikajiuliza: askari huyu namtoa ili nipate nini?

Jibu lilikuja polepole. Shabaha yangu ilikuwa katikati ya ubao. Akimla, askari wake wa kati ameondoka na uwanja ni wangu. Akikataa, yule askari anayeegemewa humfungia askofu wake mwenyewe nyuma, kama mtu aliyejenga ukuta mbele ya mlango wake. Basi sina haja ya kukimbia. Nitoe farasi, nimfiche mfalme, kila kete ikae mahali pake, ndipo nimsukume askari wa mbele ya mfalme.

Siku moja kabla ya plasta kukatwa nilicheza hivyo. Askofu wake hakutoka hadi mwisho. Alilitazama pigo langu la mwisho, akamlaza mfalme.

"Leo hukunitega," alisema. "Umenisukuma."

"Nimechoka kutega, Bwana."

"Panga tena."

Nikapanga. Mchezo wa pili akanifunga, baada ya saa mbili nzima za jasho.

Asubuhi daktari alikata plasta. Mguu ulikuwa umekonda, ngozi imepauka. Nilimpa bega langu, akalikataa. Akashika ukuta, akauma meno, akatembea hadi mlangoni na kurudi.