Sijaona, Ndugu Wasikilizaji

Swali langu la kwanza kuhusu timu ya baba lilikuwa hili: kuna fahari gani kushabikia klabu ambayo kila msimu Ugiriki nzima inaitegemea ichukue ubingwa? Nililiuliza mezani, nyumbani kwetu Chatsworth, tukila wali na maharage. Baba akaacha kutafuna.

"We mtoto," akasema, "chuoni wanakufundisha kuuliza tu? Kujibu mnafundishwa mwaka gani?"

Dada yangu mkubwa akacheka hadi akapaliwa. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia kule Westville, na nyumbani hilo ni kosa linalotajwa kila nikifungua mdomo. Lakini swali lilikuwa la haki. Sisi ni Watanzania wa Durban. Kwa nini mzee wa Tanga apoteze usingizi kwa ajili ya watu wa Ugiriki wasiomjua?

Historia yake ni fupi. Kabla sijazaliwa, baba alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo za Wagiriki. Meli yake ilipokaa matengenezoni katika bandari yao, mabaharia wenzake wakampeleka uwanjani, akarudi na skafu ya mistari myekundu na myeupe. Anasema siku ile kwa mara ya kwanza walimkumbatia bila kumuuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Baadaye alishuka Durban, akaoa, akatuzaa, na skafu ikabaki kwenye msumari juu ya televisheni. Nikimuuliza kama kukumbatiwa mara moja ni sababu ya kutosha ya kuipenda klabu maisha yote, huniuliza mimi nina sababu gani bora zaidi ya kupenda kitu chochote.

Kisha presha ya macho ikamla. Kwanza aliacha kuona pembeni, halafu mpira ukawa unampotea, halafu wachezaji. Hapo ndipo dada alipoanza kumsimulia. Mechi za kule tunazipata kwenye intaneti kwa Kigiriki, na Kigiriki cha baba ni cha jikoni na cha matusi. Kwa hiyo dada alikuwa akipunguza sauti ya mtangazaji, anakaa kwenye mkono wa kochi, anatangaza kwa Kiswahili. Mama, ambaye kwake mpira ni kelele, alikuwa akihamia kwa jirani.

Na dada alikuwa hodari. Nalisema hili nikiwa mtu ninayepima maneno. Hakuwa na mbwembwe za redioni. Alimwambia baba mpira uko wapi, nani yuko peke yake, nani amechoka na anajificha. "Beki wao wa kushoto, baba, anamtazama kocha kila mara. Hataki mpira." Dakika chache baadaye krosi inatoka upande huohuo, na baba anapiga paja lake kana kwamba aliiona mwenyewe.

Mechi za ligi zilikuwa rahisi. Timu ilishinda Jumapili hii, ikashinda ile, na mimi nikarudi na swali langu: mtu anayeshinda kila wiki anathibitisha nini? Ulaya ndiko kulikokuwa na jibu, na mara nyingi jibu halikupendeza. Mwanzoni mwa msimu walienda ugenini wakafungwa vibaya mno. Jioni ile dada alimwonea baba huruma. Bao la mwisho akaliruka. Alisema tu mchezo umekwisha, timu imepoteza, akazima kompyuta. Nilimtazama, akanikazia macho ninyamaze.

Kesho yake rafiki wa baba akampigia kutoka Tanga kumtania, na akamtajia matokeo kamili. Baba hakupandisha sauti. Alimwita dada, akamkalisha.

"Mwanangu, mimi sikukuomba unifurahishe. Nilikuomba uone."

Tangu siku hiyo alitangaza kwa namna nyingine, polepole kidogo, kama mtu anayehakikisha kwanza ameshika ndipo anyanyue.

Dada anafanya kazi katika duka la dawa kule Morningside. Kwenye maegesho ya pale kuna Mkongo mmoja mwenye kizibao cha kung'aa anayelinda magari, na ndiye mwenye chaneli. Ni chaneli ya sauti kwenye simu: mtu mmoja anatangaza mechi, na Waswahili wa Durban waliopo kazini wanasikiliza kwa kipokea sauti kimoja sikioni. Wasikilizaji ni walinzi wa magari, wasusi, madereva, wauza nguo, Wakongo na Warundi wengi, na Watanzania na Wakenya kidogo. Siku moja dada alimsikilizisha kipande cha sauti nilichomrekodi akimsimulia baba. Yule Mkongo akakisikiliza hadi mwisho, huku gari likirudi nyuma bila mtu wa kuliongoza.

Nilikuwepo, nimekwenda kumchukua dada, alipotuambia haja yake.

"Mama, sisi ba parking tuko na masikio tu. Macho iko ku magari ya benyewe," akamwambia dada. "Ule mtangazaji wetu wa mbele amehamia Cape Town. Alikuwa muongo, eish! Réseau, ile intaneti, ikikatika, yeye anaendelea tu. Alikuwa anatoa bao mbele bao itoke."

"Na mlimvumilia?" nikamuuliza.

"Muongo mutamu, kaka. Batu walimupenda sana."

Akampa dada jaribio. Timu ya baba ilikuwa imefika hatua ya mtoano Ulaya, na mechi ya marudiano ilikuwa ya mapema jioni, saa ambayo maegesho yote yamejaa na kila mlinzi yuko kazini. Akiwashika wasikilizaji, mechi zilizobaki na msimu ujao wote zingekuwa zake. Asipowashika, kulikuwa na kijana wa Kikenya anayesubiri zamu. Tukaanza safari ya kurudi Chatsworth. Kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu, dada akaniambia bila kunitazama, "Nakitaka hiki kitu, mdogo wangu. Usije ukaniuliza kwa nini." Sikumuuliza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Siku ilipofika alijifungia chumbani na kompyuta, ametundika blanketi dirishani kupunguza mwangwi. Sauti yake ilipitia simu yake. Mimi na baba tulikaa sebuleni, simu yangu ikiwa juu ya meza, yeye amevaa skafu. Nilitaka kuifungua mechi kwenye kompyuta yangu nimsimulie mimi, akakataa. "Leo nasikiliza kama wengine." Kazi yangu ikawa kumsomea ujumbe wa wasikilizaji.

Haukuwa ujumbe wa kutia moyo.

"Huyu mama anasoma habari ao anatangaza mupira?"

"Dada wa Dar, changamka, hatuko msikitini!"

"Sema bao, tutakulipia soda!"

Baba akauliza, "Anayesema Dar ni nani? Huyu ni mtu wa Tanga."

Timu ilikuwa imefungwa bao moja ugenini. Sasa walikuwa nyumbani na walihitaji bao la kusawazisha jumla ya mabao, waingie dakika za nyongeza. Hadi mapumziko, bila bila. Dada hakubadili mwendo. Aliwaambia kiungo wetu anachechemea lakini anakataa kutoka, na kipa wao anachelewesha kila mpira wa goli, na mwamuzi amechoka naye. Kidogo kidogo masihara yakapungua. Mmoja akaandika, "Niambie ule wa kuchechemea iko aje." Mwingine akasema mteja amempigia honi na hakusikia.

Dakika za mwisho mwisho, dada akasema, "Winga wetu wa kulia anao, anamtoka beki, ana—" akanyamaza.

Taa za modemu ukutani zilikuwa zimezima. Intaneti ya nyumbani ilikuwa imekatika. Simu zetu zilitumia bando, kwa hiyo sauti yake ilikuwa bado hewani, lakini picha aliyokuwa akiitazama imeganda.

Nilijua jinsi watangazaji wanavyofanya hapo: unampa winga krosi, unampa beki kichwa, unaurudisha mpira katikati ya uwanja, unausukuma huku na huku hadi picha irudi. Nani atajua? Nilikaribia kwenda kumgongea mlango nimwambie aseme chochote. Hata mimi, ninayedai ushahidi wa kila kitu, wakati ule nilitaka adanganye.

"Picha imesimama, ndugu wasikilizaji," sauti yake ikasema. "Winga wetu ana mpira mguuni, hajaupiga. Sijui kilichofuata. Nikijua mtajua. Kwa sasa nawaambia kile ninachokiona."

Na akaanza kuisimulia ile picha iliyoganda. Beki ameteleza, mkono mmoja umegusa nyasi. Kipa wao amefungua mdomo, anamnyooshea mtu kidole. Yule kiungo anayechechemea yuko ndani ya kumi na nane, amefikaje hapo haijulikani, na hakuna aliyemkaba. Nyuma ya goli kuna bibi mwenye mvi aliyefumba macho kwa viganja vyote viwili. "Huyo bibi," dada akasema, "haoni kitu, kama mimi."

Simu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Ujumbe ulikuwa ukiingia mmoja juu ya mwingine. "BAO!" "Bao, bao, bao!" "Watu wa saluni wameona, ni kweli!" Nikaruka. Nilipiga kelele, nikagonga meza kwa goti, nikamshika baba mabega.

"Baba, bao! Wamesawazisha!"

Baba alibaki ameketi, mikono juu ya magoti.

"Nani kasema?"

"Wote! Chaneli nzima!"

"Yeye hajasema."

Kutoka kwenye simu, dada alikuwa akisoma ujumbe uleule tuliokuwa tukiusoma sisi. "Naona mnaandika bao," akasema. Mimi ninayemjua nilisikia jinsi alivyotamani. "Labda ni bao. Mimi sijaona. Sitatangaza bao ambalo sijaliona."

"Mama, tupatie tu!" mtu akaandika. "Ule wa mbele angekuwa ameshalia machozi!"

Baadhi wakaondoka kwenye chaneli. Niliona idadi ikishuka, nikaifunika simu kwa kiganja, kana kwamba baba angeweza kuiona.

Kisha taa za modemu zikarudi, na mlango wa chumbani haukuweza kuzuia pumzi aliyoishusha dada. "Picha imerudi. Wachezaji wetu wamemzunguka mwamuzi. Mshika kibendera yuko pembeni, bendera iko juu. Anaonyesha... ni kuotea. Kiungo wetu aliingiza mpira wavuni, kweli, lakini alikuwa ameotea. Bao limekataliwa. Bado bila bila. Yule bibi nyuma ya goli amefumbua macho. Heri angeyaacha."

Baba akacheka. Kwanza nilidhani analia, lakini alikuwa anacheka, anapiga paja lake kama wakati ule wa kwenye kochi.

Timu ilitolewa. Dada alizisimulia dakika zilizobaki hadi filimbi, pamoja na kona mbili za mwisho na kipa wetu aliyepanda mbele kutafuta kichwa. Alisema, "Tumetolewa, na tumecheza vizuri, na yote mawili ni kweli." Alipotoka chumbani alikuwa ameloa jasho. Hakutuuliza alikuwaje. Aliketi sakafuni karibu na miguu ya baba, na baba akavua skafu akamvisha shingoni. Sijawahi kumwona akimvisha mtu mwingine.

"Wameondoka wengi?" dada akaniuliza.

"Wengine wamerudi," nikasema. Ilikuwa kweli.

Jibu la yule Mkongo lilikuja asubuhi, kwa sauti, magari yakinguruma nyuma yake.

"Mama, jana ku parking yetu tulicheza, tulikumbatiana, kaka moja akaacha gari itoke bila kulipa. Bao yenyewe hakuna! Tuko na haya. Sasa batu wanasema wanataka wewe. Wanasema, bao ya wengine ni ya kubahatisha, ya huyu mama ni bao. Sharp? Sawa?"

Dada aliisikiliza mara nyingi. Mimi pia, nikijifanya napita tu.

Tangu hapo, nikienda kumchukua Morningside, walinzi humpigia kelele kutoka kila pembe ya maegesho, "Mama! Umeona?" Naye hujibu, "Sijaona!" na wote wanacheka, na wateja wa duka la dawa hawaelewi wanacheka nini.

Swali langu bado ninalo. Sijui kama klabu inayoshinda kila wiki inathibitisha kitu, na nikimwambia baba hivyo, yeye huniambia nihitimu kwanza. Lakini mechi ya kuamua ubingwa wa ligi ilipofika, msimu uleule, sikuwa mtu wa kuuliza. Nilikaa sebuleni na baba, simu mezani, dada nyuma ya mlango. Mama naye hakuhamia kwa jirani. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Krosi ikaja, dada akasema mpira umepigwa kichwa, umegonga mwamba, umerudi, umepigwa tena. Kisha akanyamaza. Ujumbe ukaanza kumiminika juu ya meza, herufi kubwa tupu.

Baba hakusimama. Safari hii na mimi sikusimama. Tulikaa wote wawili, tumeikodolea simu, tukimsubiri amtazame mshika kibendera.

"Nimeona," dada akasema.

Hapo ndipo baba aliponyanyuka.