Nakala ya Nyumbani

Sisi tuliofanyia hesabu nyuma ya karatasi za watu wengine tunajuana mpaka leo. Mbele kulikuwa na mtihani wa jiografia wa mwaka juzi, au tangazo la mkutano wa wazazi, au ratiba ya mazishi ya mtu tusiyemjua. Nyuma kulikuwa kweupe, na hapo ndipo tulipojifunzia kugawanya. Kwetu Mbinga karatasi hazikukatika, maana baba alikuwa mpiga chapa wa chuo cha ualimu, na yeye ndiye aliyeendesha mashine ya kudurufu.

Wa rika langu mnaikumbuka. Kwanza maneno yalipigwa kwenye stensili, ile karatasi yenye nta, kisha stensili ikavishwa kwenye pipa la mashine lenye wino, na mtu akazungusha mkono. Kila mzunguko ulitoa karatasi moja mbichi inayonukia wino, na ukiigusa mapema uliondoka na alama. Tukitoka shule tulipita ofisini kwake, akaturuhusu kuzungusha kwa sharti la kuhesabu kwa sauti. Aliyeruka namba alirudishwa kwenye benchi. Mashati ya baba mama aliyaloweka tangu Ijumaa, akayasugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka, na Jumatatu baba alikwenda kazini na doa lilelile kwenye mkono wa kulia.

Stensili ikikosewa kuisahihisha ni taabu, kwa hiyo kila jambo la maana baba alilileta kwanza nyumbani mchana, limeandikwa kwa kalamu. Alimsomea mama, naye mama akiendelea kuchambua maharage. Hakuinua kichwa. Palipomkwaza alisema, "Rudia hapo," na baba akarudia. Mwanamke wa darasa la saba, lakini hakuna tangazo la chuo kile lililotoka bila kupita masikioni mwake. Nakala ya kwanza kutoka mashineni huwa na wino hafifu, haifai kupewa mtu. Baba aliiita nakala ya nyumbani, na ndiyo tuliyoigombania sisi watoto watatu, kila mmoja akitaka ule mgongo mweupe.

Mashine yenyewe ilishushwa kwenye lori na wanaume wanne. "Mashine ya kazi ni nzito," baba alizoea kutuambia. "Ukiinyanyua kwa mkono mmoja, hicho ni kichezeo." Maneno hayo ndiyo yaliyonitesa wiki hii.

Baba alifariki mwezi uliopita, na sikwenda kumzika. Makaratasi yangu ya ukaazi hayajakamilika, na nikitoka Marekani sasa huenda nisiruhusiwe kurudi. Nilimzika kwa simu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini hapa Germantown, nikiangalia udongo wa Mbinga kwenye kioo kilichokuwa kikigandaganda. Kisha Watanzania wenzangu wakaamua tumfanyie ibada ya kumbukumbu Jumamosi, katika mji wa Bowie, nyumbani kwa Mzee Kapinga. Mimi niliomba jambo moja tu: kila atakayekuja aondoke na wasifu wa baba mkononi, na niuchape mwenyewe. Mtu aliyewachapia wengine ratiba za mazishi miaka yote ile asikose karatasi yake.

Neema, binti yangu wa miaka kumi na mitano, hakuona sababu. "Mom, nobody prints anymore," akasema. "Just send them the link." Kizazi hiki kinaamini kila kitu kiko hewani, na kisichokuwa hewani hakipo. Nikamwuliza Neema: Mzee Kapinga, ambaye kusoma meseji tu humwita mkewe, hiyo link ataifungua kwa miujiza gani. Akainua mabega, akarudi kwenye simu yake.

Jumatano nikaenda kununua printa. Nilizipitia zote dukani nikizinyanyua moja baada ya nyingine, muuzaji akinitazama kwa wasiwasi. Zilizonyanyuka kwa mkono mmoja nikaziacha. Nikachagua ile iliyonilazimu kuomba msaada wa kuipakia kwenye gari, nikarudi nyumbani nimeridhika. Alhamisi, siku yangu pekee ya mapumziko, nilishinda mbele yake. Iliwaka, ikanguruma, ikajipasha moto, lakini kompyuta yangu haikuiona kabisa. Nilizima nikawasha mpaka nikachoka kukasirika.

Nikampigia Mwangi, Mkenya anayeishi mji wa Falls Church, anayefanya kazi za kompyuta. Yeye ndiye aliyeiokoa kompyuta yangu ilipozeeka, akaondoa mfumo wa Windows na kuweka wa Linux, na tangu hapo inakwenda.

"Uliicheki kama ina-support Linux kabla ununue?" akaniuliza.

"Niliangalia uzito."

"Sasa dada, hiyo kampuni haikutengeneza driver ya Linux. Utasumbuka bure. Irudishe tu, uchukue hata ile ndogo kabisa, bora iwe imeandikwa driverless. Hiyo una-connect na Wi-Fi ya nyumba, kompyuta inaiona yenyewe."

Draiva, alinieleza, ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Zile nyepesi nilizozidharau hazikuhitaji programu yoyote ya ziada.

Ijumaa asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikairudisha, mgongo ukiniuma, nikatoka dukani na kidude nilichokibeba kwapani. Niliona aibu kana kwamba baba ananiona. Nikakipa nywila ya Wi-Fi, nikafungua kompyuta, na jina lake lilikuwa limeshatokea. Nikabonyeza kuchapa. Kikagoma, kikidai hakina karatasi wakati trei imejaa. Ilinichukua muda kugundua kwamba wasifu niliupanga kwa A4, kama tulivyozoea kwetu, na karatasi za huku ni fupi kidogo na pana kidogo. Nikabadili vipimo, na karatasi ya kwanza ikatoka.

Sikuendelea. Nilimpigia mama. Kwao ilikuwa saa mbili usiku.

"Shikamoo mama. Nataka nikusomee wasifu wa baba kabla sijauchapa wote."

"Marahaba. Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye sentensi inayosema marehemu alikuwa mtumishi wa serikali hadi alipostaafu, akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Watumishi wa serikali ni wengi, mwanangu. Yeye alikuwa anafanya nini?"

Nilijua nilichokifanya. Bowie kutakuwa na watu wa ubalozi, madaktari, watu wenye vyeo, na nilipokuwa naandika neno mpiga chapa nililiona dogo, nikaliruka. Nililia kwenye simu, naye mama akaningoja. Kisha nikaandika kwamba alikuwa mpiga chapa wa chuo cha ualimu, na kwamba ndiye aliyeendesha mashine ya kudurufu. Nikamsomea tena.

"Sasa chapa," akasema.

Kidude kikachapa bila kelele, bila harufu, bila mtu wa kuhesabu. Karatasi zote zilitoka safi, hata ile ya kwanza yenye kosa langu. Enzi zile isingemaliza dakika mezani, ingeshanyakuliwa. Neema aliporudi kutoka shule alipita kuchukua maji, akaichukua karatasi hiyo ya kwanza, akaitazama picha ya babu yake kwa muda, akairudisha mezani taratibu na kwenda zake. Hesabu zake anafanyia kwenye kioo cha kompyuta.

Nikaigeuza karatasi hiyo upande mweupe. Nikachukua kalamu, nikaandika tarehe juu kulia na kuipigia mstari, kama tulivyofundishwa. Kisha nikakaa hapo, kalamu mkononi, sina hesabu ya kufanya.