Mtama Tuliouacha Kibumba

Kondoo wetu alikuwa na tundu ubavuni, na wageni wengi waliofika kwenye shamba la majaribio pale Kibumba walidhani amepigwa risasi. Daktari wa mifugo, mwanamke wa milima ya Masisi niliyefanya naye kazi miaka mingi, hakuchoka kuwaeleza. Tundu alilipasua yeye mwenyewe kwa ganzi, akaliziba kwa kizibo cha mpira. Humo tulipitisha vifuko vya nailoni vyenye mabua ya mtama yaliyosagwa, tukaviacha tumboni, kisha tukavitoa kuona kiasi gani kimemeng'enywa. Mimi niliyesomea mimea nilikuwa nachanganya mbegu: nachukua chavua ya mtama huu na kuipaka kwenye masuke ya ule. Tulitafuta mtama ambao watu wangekula punje zake, na mabua yakabaki laini kwa kondoo. Kwa wenye vipande vidogo vya shamba, hilo lingekuwa jambo kubwa.

Mwaka ule mchanganyiko mmoja ulikubali. Vifuko vilitoka karibu vitupu. Daktari aliviinua kwenye mwanga, akacheka peke yake, halafu akanishikisha. Masuke yalikuwa bado mabichi vita vilipotufikia kwa barabara ya Rutshuru.

Tulikimbia na watu wengine wote, yeye akimvuta kondoo kwa kamba, mimi nikimsukuma kwa nyuma. Tulimfunga uani kwangu mjini, mtaa wa Mabanga, juu ya mawe ya volkano, pasipoota hata unyasi. Mke wangu alimletea maganda ya ndizi na majani ya kabeji kutoka sokoni. Kila asubuhi daktari alikuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Mugunga, alikokuwa akiishi na mama yake chini ya hema, akasafisha kingo za tundu kwa maji ya chumvi ili nzi wasitage humo.

Milio ya risasi ilipotulia kidogo, wanawake wa Kibumba walianza kurudi kuchimba viazi vyao. Daktari akaniambia atakwenda nao.

"Mutama umekauka sasa," alisema. "Ndege watamaliza yote."

"Tungoje kwanza, Dokta. Tutapanda tena."

"Tutapanda nini, Papa? Mbegu yote iko kule."

Nikasema basi twende wote. Alimtazama kondoo. Mke wangu hakuweza kuligusa lile tundu, na ilibidi mmoja wetu abaki kulisafisha.

"Baki naye," alisema. "Wale bamama wananijua. Nakata masuke, narudia huku."

Alikunja gunia, akalibana kwapani, akaondoka.

Wanawake walirudi jioni bila viazi. Walisema risasi zilianza wakiwa mashambani, kila mmoja akakimbilia upande wake. Mmoja wao alikuwa amemwona daktari ameinama katikati ya mtama. Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena.

Tuliuliza hospitalini, tukauliza makanisani na kambini. Ndugu zake walitaka kuweka matanga, mama yake akakataa.

"Nitalilia nani?" aliwaambia. "Sijaona mwili."

Badala yake akaanza kuja Mabanga. Mara ya kwanza alisimama mbali na kondoo.

"Ni huyu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mule ndani alikuwa anatafuta nini?"

Nilimweleza kama nilivyoweza, mabua, vifuko, mtama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuniambia," alisema. "Nilikuwa nafikiri anatibu ngombe tu."

Kisha akaomba kitambaa. Nilimwonyesha namna ya kuzungusha kizibo na kupitisha maji pembeni. Tangu hapo kazi ya asubuhi ikawa yake.

Kondoo alikufa mvua zilipoanza. Aliacha kucheua, akalala, na mimi sikuwa daktari. Mama yake daktari alimkuta asubuhi, kitambaa kikiwa tayari mkononi. Akaketi chini, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, akimwita mtoto wake kwa jina. Majirani walitoka mmoja mmoja wakakaa naye juu ya mawe. Mke wangu akawasha moto, akateleka chai ya watu wote. Matanga mengine hayakuwekwa.